Steji nzuri hukufunza kabla ya kukuangusha

Tuseme umeshuka steji ya Kabati. Si Kabati ya Murang'a, ni ile ya Kitui, kwenye barabara inayotoka Kitui mjini kwenda Migwani. Matatu unayoingoja haijajaa, jua linawaka, na una dakika ishirini za kupoteza. Unaingia kivulini, kwenye kibanda cha gemu. Vibanda hivyo unavijua, viko kila soko: mabati, benchi mbili, TV ya kichogo, na jamaa wa kukusanya kumi kumi.

Benchi ya mbele ameketi mtoto wa gredi ya tano hivi, bado ana sweta ya shule. Anacheza Mario, ile ya zamani kabisa. Ameanguka kwenye shimo lilelile mara nne. Hakasiriki. Anasogea ukingoni mwa benchi, anakaza pedi, anajaribu tena. Mara ya tano anavuka, na kibanda kizima kinapiga nduru.

Benchi ya nyuma kuna masee wawili waliomaliza Kidato cha Nne. Wameinamia simu moja. Kindege chekundu kinapanda, namba inaongezeka, halafu kindege kinatoweka. "Aki ilikuwa karibu," mmoja anasema. Wanaweka hamsini nyingine.

Ukiwauliza, wote watakuambia wanacheza gemu. Sisi tunasema hapana. Huyu mdogo yuko ndani ya kitu kilichojengwa ili ajue zaidi kila anapoanguka. Hawa wakubwa wako ndani ya kitu kilichojengwa ili waendelee kuanguka bila kujua lolote zaidi. Tofauti iko kwenye jambo ambalo wengi wetu tumecheza miaka bila kulitazama: jinsi leveli na steji zinavyopangwa. Ukilielewa jambo hilo, utaanza kuliona hata nje ya kibanda.

Zoezi kwanza, shimo baadaye

Super Mario Bros. ilitoka Japani mnamo Septemba 1985. Waliosanifu leveli zake ni Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka wa Nintendo. Gemu nzima ilikuwa na ukubwa wa kilobaiti 40 tu. Picha moja ya harusi unayotumiwa kwa WhatsApp huwa kubwa kuliko hiyo. Ndani ya nafasi hiyo finyu walipanga dunia 8, kila dunia na leveli 4. Jumla ni 32.

Chukua dunia ya kwanza, leveli ya kwanza, maarufu kama 1-1. Mario amesimama upande wa kushoto. Kulia kwake kuna nafasi tupu. Hakuna maandishi ya kukueleza ufanye nini, lakini kwa sababu kulia kuko wazi na kushoto kumefungwa, utaenda kulia. Hatua chache mbele, kiumbe kidogo chenye sura ya hasira kinakujia. Kikikugusa, unakufa. Ukikiruka, unapona. Ukikikanyaga, kinapondeka. Na hata ukifa hapo hujapoteza kitu, kwa sababu ulianza sekunde chache tu zilizopita. Somo la kwanza limeingia bila mwalimu kufungua mdomo.

Baadaye kidogo unagonga kijiboksi chenye alama ya kuuliza. Uyoga unatoka, unateleza kwenda kulia, unagonga bomba, unageuka na kukurudia. Mtu ambaye ametoka kuuawa na kitu kilichomjia lazima ataukimbia. Lakini juu yako kuna matofali. Ukiruka, unagonga kichwa na kurudi chini, na mara nyingi uyoga unakupata tu. Unakuwa mkubwa. Somo la pili: si kila kinachokujia ni adui.

Lakini fundisho tunalolipenda zaidi liko karibu na mwisho wa leveli. Unakuta ngazi mbili za matofali zikitazamana, na katikati yake kuna ardhi imara. Unaruka. Ukikosea, unaanguka chini, unapanda tena. Hakuna hasara. Mbele kidogo unakuta ngazi mbili za aina ileile, lakini safari hii katikati kuna shimo. Kuruka ni kulekule. Kilichobadilika ni gharama ya kukosea.

Fikiria hilo kidogo. Mtu aliyekaa Japani miaka arobaini iliyopita alijua kwamba wewe utakuja, hujui lolote, na akakuwekea mahali pa kufanyia mazoezi kabla ya mtihani. Na mtihani wenyewe ulikuwa wa kitu kilekile ulichofanyia mazoezi. Kuna walimu wenye vyeti ukutani ambao hawajawahi kutufanyia hivyo.

Mwanzo, mloto, mleo, kituo

Koichi Hayashida, aliyeongoza utengenezaji wa Super Mario 3D Land ya mwaka 2011, amewahi kueleza kwamba wao hupanga leveli kwa hatua nne. Kwanza kitu kipya kinaletwa mahali salama. Pili kinakuzwa, kinakuwa kigumu kidogo. Tatu kinageuzwa, kinakujia kwa namna ambayo hukuitarajia. Nne unapewa nafasi ya kuonyesha kwamba sasa umekimudu, kisha unamaliza.

Mfano ni kijukwaa kinachoporomoka ukikikanyaga. Hatua ya kwanza utakipata kimoja tu, na chini yake kuna ardhi. Kikianguka, unacheka. Hatua ya pili viko vitatu, na chini ni shimo. Hatua ya tatu ni vilevile vitatu, ila sasa kuna adui anayeruka katikati yake, kwa hivyo huwezi kukimbia tu. Hatua ya nne unavitumia kuifikia bendera. Ukimaliza, hakuna aliyekuhutubia, lakini kijukwaa hicho hutakisahau.

Mpango huo wa hatua nne haukuanzia kwenye gemu. Ulitoka kwenye mashairi ya Kichina ya mistari minne, ukaingia Japani, ukafika mpaka kwenye vikatuni vya picha nne. Na wewe uliyekaa darasani ukichambua mashairi ya Kiswahili unajua kwamba nyumbani pia tuna umbo la namna hiyo. Tarbia ina mishororo minne: mwanzo, mloto, mleo, kituo. Mwanzo unafungua wazo, mloto na mleo vinalisukuma mbele, kituo kinalifunga. Uliikariri ili upate alama. Kumbe ulikuwa umeshikishwa kipimo cha kujengea kitu.

Tazama pia hilo neno la mwisho. Kituo ni mwisho wa ubeti. Kituo ni steji ya matatu. Na kwenye gemu, kituo ni pale unaporudishwa ukifa. Mahali pote patatu ni pa kupumua kabla ya kuendelea.

Dunia zina ngome, na ngome ina sababu

Kabla ya Mario kupata dunia zake, gemu nyingi za kuruka zilikuwa za kuzunguka. Kwenye Donkey Kong ya mwaka 1981 kulikuwa na skrini nne za kupanda, mita 25 kila moja, mpaka mita 100. Ukimaliza unarudishwa chini, kila kitu kinakuwa kikali zaidi, unapanda tena. Wachezaji wachache mno waliofika leveli ya 22 waliambulia hitilafu: hesabu za programu zinavurugika, muda unaisha baada ya sekunde chache, unakufa bila kosa. Hiyo ndiyo iliyokuwa shukrani yao.

Super Mario Bros. ilileta safari yenye mwisho. Kila leveli ya nne ni ngome: moto, lava, daraja, na bosi. Ukimshinda unaambiwa kwa upole kwamba binti mfalme yuko ngome nyingine. Utaambiwa hivyo mara saba. Inauma, lakini kila ngome inakufungia mlango nyuma na kukufungulia mwingine mbele. Gemu zilizofuata zilipanua wazo hilohilo. Super Mario Bros. 3 ya 1988 ilichora ramani ili uone unakoelekea. Sonic ya 1991 iligawa safari katika zoni, nyingi zikiwa na sehemu tatu, na bosi anakungoja mwisho wa ile ya tatu.

Kuna mambo mawili kwenye zile leveli 32 ambayo tungependa uyaweke moyoni.

La kwanza ni marudio. Leveli ya 5-3 ni ileile ya 1-3, imekazwa tu. 7-2 ni ileile ya 2-2 yenye maji, ila na maadui zaidi. Nafasi ilikuwa ndogo, kilobaiti 40, lakini matokeo yake ni kwamba mchezaji anarudi mahali alipowahi kupita na kukuta pamekuwa pagumu. Aliyeelewa mara ya kwanza anapita. Aliyebahatisha anajulikana.

La pili ni mahali unaporudishwa. Katika leveli za kawaida za dunia ya kwanza mpaka ya saba, ukifa baada ya kupita katikati huanzi mwanzo, unaanzia hapo katikati. Kwenye ngome, hapana. Na katika dunia yote ya nane, hapana kabisa: ukianguka, rudi mwanzo wa leveli. Kwa hivyo msaada unaondolewa, lakini unaondolewa pole pole, baada ya kukomazwa kwa dunia saba. Hauondolewi siku ya kwanza.

Na njia za mkato je? Zipo. Kwenye 1-2, ukipanda juu ya matofali ya dari na kukimbia kupita bomba la kutokea, utakuta chumba chenye mabomba matatu ya kukurusha dunia ya pili, ya tatu au ya nne. Ni zawadi ya mtu mdadisi, na hatumlaumu. Lakini anayejirusha dunia ya nne huko anafika na miguu ya dunia ya kwanza. Tuliokulia kwenye zile mashine za kuiga tunajua kisa kingine. Kaseti iliandikwa kwamba ina maelfu ya gemu. Ukifungua orodha unakuta gemu chache tu zinajirudia, nyingine zikiwa ni gemu ileile inayoanzia leveli ya mbele. Tuliruka mbele, tukafa, tukarudi namba moja wenyewe.

Leveli inapogeuka geti

Sasa turudi kwenye simu, maana wengi wenu pedi hamjaishika siku nyingi.

Temple Run ilikuja 2011, Subway Surfers 2012. Hizi hazina leveli za kumaliza. Unakimbia mpaka ushikwe. Si dhambi. Kwenye matatu kutoka Kitui hadi Nairobi zinaua wakati vizuri. Lakini ona kwamba hazikupi kituo. Hakuna mahali pa kusema, "Hapa nimemaliza, wacha nilale." Kituo unajiwekea wewe mwenyewe, au betri ikuwekee.

Candy Crush, iliyofika kwenye simu 2012, ina leveli maelfu, lakini iliongeza kitu kingine: una maisha matano, yakiisha unangoja nusu saa kupata moja, au unalipa. Hapo leveli imeanza kuwa geti na mlinzi anataka kitu kidogo. Linganisha na Super Mario Run ya 2016, yenye leveli 24 kwenye safari yake kuu. Ulionjeshwa za mwanzo bure, ukitaka zilizobaki unalipa mara moja, basi. Watu wengi walilalamika kwamba ni ghali. Lakini angalau ulijua unachonunua, na ulijua kina mwisho.

Tukishuka chini zaidi, ndipo tunapofika benchi ya nyuma. Aviator, kile kindege, kilitolewa na kampuni ya Spribe mwaka 2019. Kimevaa nguo za gemu: kuna skrini, kuna rangi, kuna kitu kinachopanda, kuna kidole chako kwenye kitufe. Unahisi kama unaruka shimo. Lakini ondoa nguo uone. Mahali kindege kitakapotoweka pameamuliwa na hesabu ya bahati, raundi moja haina uhusiano na nyingine. Ulichojifunza raundi ya 10 hakikusaidii raundi ya 11. Kinaweza hata kutoweka hapo hapo kinapoanza. Hakuna ngazi ya mazoezi. Kuna shimo tu, linalohamahama gizani.

Wenyewe hutangaza kwamba mchezo hurejesha asilimia 97 ya pesa zinazowekwa, kwa wastani. Inasikika tamu. Fanya hesabu. Ukiweka shilingi 50 mara 200, umepitisha shilingi 10,000 kwenye mashine, na kwa wastani 300 zimebaki kwao. Ulianza na 500 mfukoni, kwa hivyo hizo 10,000 ni zile 500 zikizungushwa tena na tena. Zungusha tena 10,000 na 300 nyingine zinakwenda kwa wastani. Hapo 500 zako zimekwisha. Siku moja utashinda, ndiyo, na mbogi yote itasikia. Siku utakayopoteza utaenda nyumbani kimya.

Mnamo Aprili 2025 bodi ya kudhibiti kamari nchini, BCLB, ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Siku 30 si mfumo, ni pumziko. Sheria inasema kamari ni ya watu wa miaka 18 kwenda juu, lakini simu haiulizi ni nani anayeishika akiwa kwenye benchi ya mabati. Wenye vibanda tunawaambia wazi: mtoto wa sweta na kamari ya simu havifai kukaa chini ya paa moja. Unaweza kuwatoa hao wa nyuma bila kungoja serikali.

Ile 8-4 yetu

Leveli ya mwisho kabisa ya Super Mario Bros. inaitwa 8-4. Mwaka ulipotoka mchezo huo, 1985, ndio Kenya ilipoanza mfumo wa elimu wa 8-4-4. Imetokea tu hivyo, wala hatusemi wizara ilimsikiliza Mario. Laiti ingemsikiliza.

Kwa sababu fikiria vile KCPE ilivyokuwa. Miaka minane ya kukimbia, halafu siku chache za mtihani zikaamua kila kitu. Ukiteleza, hakukuwa na katikati ya kurudishwa. Mtu alitoka gredi nzuri za miaka saba, akaugua wiki ile, akabaki na jina la "aliyeanguka". Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023, na hatujasikia wengi wakiulilia.

Mfumo mpya wa umilisi, kwenye karatasi, umepangwa na mtu anayejua kituo ni nini. Kwa mwanafunzi wa gredi ya 9, asilimia 20 ya alama inatoka kwenye tathmini ya gredi ya 6, asilimia 20 kwenye kazi za gredi ya 7 na ya 8, na 60 kwenye mtihani wenyewe wa KJSEA. Yaani safari inahifadhiwa njiani. Kundi la kwanza liliingia gredi ya 10 Januari 2026, kila mmoja na mkondo wake: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo.

Lakini leveli haiwi nzuri kwa sababu imechorwa vizuri. Ukimpeleka mtoto wa Kitui Magharibi kwenye mkondo wa sayansi, na shule aliyopangiwa haina maabara ya maana, umemwekea ngazi mbili zenye shimo katikati na ukasahau zile za kwanza zenye ardhi. Halafu akianguka utasema hana akili. Hapana. Steji ndiyo mbovu. Tunaomba wazazi, walimu na wabunge waanze kuuliza swali hilo kabla ya kuuliza mtoto amepata ngapi: je, alionyeshwa kabla ya kupimwa?

Kuna watakaosema maisha si gemu, ukianguka kweli hakuna aliyekuwekea maisha matatu. Ni kweli, na ndiyo sababu tunasema haya. Maisha yenyewe hayana huruma, kwa hivyo yale tunayoyajenga kwa mikono yetu, shule, kazi za mafunzo, hata gemu, yasiwe na ukatili wa bure. Fundi mzuri wa gari hamkabidhi mwanagenzi injini ya mteja siku ya kwanza. Humpa ile mbovu iliyo nyuma ya gereji aifungue na kuifunga mpaka mikono izoee. Hiyo ndiyo ngazi yenye ardhi. Mababu zetu hawakuwahi kuona pedi, na walilijua hilo.

Maswali manne ya kubeba

Kwa hivyo, wewe unayesoma hapa ukiwa kwenye foleni au juu ya boda, kila unapoalikwa kwenye kitu chenye "leveli", iwe gemu, kozi ya mtandaoni, biashara ya kuleta watu wawili chini yako, au kazi ya majaribio isiyo na mshahara, uliza haya.

Je, kitanionyesha kabla ya kunipima? Nikianguka, nitajua kwa nini? Nikianguka, nitarudishwa wapi, na nani analipia hiyo njia ya kurudi? Je, kina mwisho ambao nikifika nitajua nimefika?

Mario wa yule mtoto anapita yote manne. Kindege hakipiti hata moja. Jibu la mambo mengine utalipata mwenyewe.

Chora yako

Tungeishia hapo tungekuwa tumekuonya tu, na maonyo umeshachoka nayo. Kuna la kufanya.

Leveli za Mario zilichorwa kwa mkono kwenye karatasi ya miraba kabla ya kuingizwa kwenye mashine. Daftari la hesabu lenye miraba unalo, au mdogo wako analo. Chukua ukurasa, ulaze. Mraba mmoja ni hatua moja. Weka mhusika wako kushoto, na mpe sababu ya kwenda kulia.

Tena usichore Japani. Chora njia unayoijua. Dunia ya kwanza ianzie Kitui mjini iishie Kabati. Ya pili, Kabati mpaka Migwani. Ya tatu, Migwani mpaka Mbondoni, pale unapokutana na barabara kubwa ya Thika kwenda Garissa. Ngome ya mwisho iwe Mwingi. Mhusika ni msichana mwenye mtungi mtupu. Kwenye leveli ya kwanza muwekee mtaro mdogo ambao akianguka anatoka tu akiwa na vumbi. Halafu mtaro uleule, sasa una maji ya mafuriko. Mpe punda anayekuja na mizigo: akigongwa naye anaanguka, akimrukia mgongoni anabebwa. Si kila kinachokujia ni adui, unakumbuka? Kisha mpe mwenzako daftari, afuate kwa kidole, nawe ukae kimya. Ukijipata unamweleza, "Hapo ulifaa kuruka," futa, panga upya. Steji inayohitaji maelezo bado haijaisha.

Ukitaka iende kwenye skrini, Scratch ni ya bure, na Godot pia ni ya bure na siku hizi inafunguka hata kwenye simu na tableti za Android. Bando utahitaji, uvumilivu zaidi. Na usiambiwe kazi hii ni ya watu wa mbali. Mwaka 2018 studio ya Nyamakop ya Johannesburg, ya Ben Myres na Cukia Kimani (lisikilize jina hilo la pili vizuri), ilitoa gemu inayoitwa Semblance, na ikauzwa kwenye Nintendo Switch, mashine ya kampuni ileile ya Mario. Ni gemu ya kuruka majukwaa, ila jukwaa lenyewe ni laini kama unga uliokandwa. Ukikwama, hurudi nyuma kulalamika. Unalisukuma jukwaa, unalikunja, unaligeuza ngazi, unapanda.

Matatu imejaa sasa, makanga anapiga bati. Kabla hujaondoka, mguse yule mmoja wa benchi ya nyuma begani. Usimhubirie. Muulize tu: hiyo unayocheza, leveli ya pili iko wapi?